Kijiji Kilichohamishwa: Ardhi, Wafu na Wajibu katika Nyanda za Juu za Buha

Swali la ni kitu gani hasa kinachokifanya kijiji kiwe kilekile miaka inapopita huonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa swali la wanahistoria na wapima ardhi. Lakini katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, swali hilo ni la dini na la falsafa pia, kwa sababu huko watu wa kijiji kimoja waweza kuwa wamehamishwa mara mbili ndani ya umri wa mzee mmoja, makaburi yao yakabaki bondeni, mashamba yao yakagawiwa wengine, na jina la kwao likaandikwa kwenye kibao kilichosimikwa mahali ambapo babu zao hawakuwahi kulala hata usiku mmoja. Mtu anayekusudia kuandika historia ya kijiji cha namna hiyo hana budi kuamua kwanza kama anaandika habari za ardhi, za watu, au za jina lililosajiliwa serikalini, na lolote atakaloamua litaacha nje jambo ambalo wanakijiji wenyewe hawakubali liachwe. Insha hii inashikilia kwamba kijiji si ardhi peke yake wala si idadi ya watu, bali ni wajibu unaowafunga walio hai kwa waliokufa na kwa watakaozaliwa, wajibu unaotimizwa mahali fulani kwa matendo yanayojulikana. Na kwamba wajibu huo unaweza kuhama, ila hauhamishwi kwa amri.

Yafaa kuanza na mfano wa mbali, kwa kuwa huonyesha kutohama kunaweza kukifikisha wapi kijiji. Friesland ni jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, ambako ardhi ni tambarare na ya chini kiasi kwamba, kabla ya kujengwa kwa matuta ya kuzuia bahari takribani miaka elfu moja iliyopita, maji ya chumvi yaliifunika mara kwa mara. Tangu karne kadhaa kabla ya Kristo wakazi wa pwani hiyo walijenga vilima kwa mikono, ambavyo huitwa terp, kwa kurundika udongo, samadi na taka za nyumbani, na kila kizazi kikaongeza tabaka lake juu ya tabaka la waliotangulia, ikawa mtu anazaliwa, anaoa na anazikwa juu ya mabaki ya maisha ya wazee wake. Katika kijiji kidogo cha Hogebeintum kilima hicho hufikia karibu mita 9 juu ya usawa wa bahari, na kileleni pake liko kanisa la kale lililozungukwa na makaburi. Hapo mtu angeweza kusema bila kusita kwamba kijiji ni mahali, na kwamba historia yake husomwa kwa kuchimba chini. Lakini kuanzia karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20 udongo wa vilima hivyo, uliorutubishwa na karne nyingi za mifugo na watu, ulichimbwa na kuuzwa kuwa mbolea kwa wakulima wa maeneo yenye ardhi duni, ukasafirishwa kwa mashua kupitia mifereji, na sehemu kubwa ya vilima ikaondolewa. Hogebeintum nayo ilikatwa, kanisa likabaki juu ya mteremko mkali. Watu hawakuhama hata hatua moja, lakini ardhi ya wazee wao iliondoka chini ya miguu yao, na aliyeiondoa si adui wala gharika. Kukaa mahali pamoja kwa miaka elfu mbili, basi, hakutoshi kuwa kifungo kati ya walio hai na waliotangulia.

Buha, yaani nchi ya Waha, haikuwahi kuwa na kijiji cha aina hiyo. Kabla ya utawala wa kikoloni iligawanyika katika falme kadhaa, zikiwamo Heru, ambayo makao yake ya Heru Juu yako karibu na mji wa Kasulu wa leo, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko, kila mojawapo ikiwa chini ya mfalme aliyeitwa mwami. Watu hawakukaa kwa mkusanyiko. Kila kaya ilikaa ndani ya migomba yake juu ya mgongo wa mlima, umbali wa kuitana na jirani, na waliokaa juu ya mlima mmoja, ambao kwa Kiha huitwa umusozi, ndio waliohesabiana kuwa wa mahali pamoja. Si haki kuichora Buha hiyo kama nchi ya usawa, kwa maana ilitawaliwa na koo za Kitutsi, na desturi ya ubugabire, yaani ya mtu kupokea ng'ombe kwa mwenye mali na kumtumikia kwa ajili hiyo, iliwaweka wengi chini ya wachache kwa vizazi.

Hata hivyo, chini ya siasa ya ng'ombe na wafalme kulikuwa na mamlaka nyingine ya zamani zaidi, nayo ilikuwa ya wateko. Mteko alikuwa mtu wa ukoo ulioaminika kuwa ndio uliofyeka pori la mahali hapo kwanza, na kwa sababu hiyo ndiye aliyempa mgeni ardhi, aliyefungua msimu wa kupanda kwa ibada, na aliyesimama kati ya watu na nguvu za mahali hapo, yaani mizimu ya waliotangulia pamoja na pepo wa mito, miamba na misitu. Imana, Mungu muumba, alijulikana na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu kila siku, lakini habari za mvua ya mlima huu na mbegu za bonde lile zilipitia kwa mteko. Wafalme walipojiimarisha hawakumwondoa, kwa sababu kazi yake hawakuweza kuifanya: mwami alitawala watu, mteko aliwajibika kwa niaba ya ardhi, na mtu aliyepeleka kodi kwa mwami bado alihitaji baraka ya mteko kabla ya kutia mbegu ardhini. Kugawanyika huko kwa mamlaka ni jambo lenye uzito mkubwa wa kifalsafa, kwa kuwa kunakataa wazo kwamba anayetawala watu ndiye kwa hiyo hiyo anayeweza kusema ardhi ni ya nani.

Ni kweli pia kwamba Waha walihama mara kwa mara kabla ya mkoloni kufika, kwa kuchoka kwa ardhi, kwa magonjwa, kwa ugomvi wa ndugu, au kwa kumkimbia mkubwa mkali, na mahame yao, ambayo katika sehemu hizo huitwa matongo, yametapakaa katika milima yote. Anayepita kwenye tongo la kale hulitambua bila kuambiwa: migomba iliyorudi uporini na kuzaa mikungu midogo, mivumu iliyochomekwa kuwa nguzo za ua ikageuka miti minene iliyosimama kwa mduara, jiwe la kusagia lililobonyea katikati, vigae vya vyungu, na mahali fulani penye majani ya kijani kuliko pengine kwa sababu palikuwa zizi. Kuhama kwenyewe, basi, hakukuwa kosa wala msiba. Aliyehama aliagana na wa kwao, akaenda kwa mteko wa huko alikokusudia, akaomba, akapewa, akaingia katika wajibu wa huko, huku tongo lake likiendelea kuitwa kwa jina lake na watoto wake wakijua njia ya kulifikia. Kuhama kulikuwa na wa kuaga na wa kupokea, na katikati ya hao wawili hapakuwa na nafasi ambayo mtu angekuwa si wa popote.

Ukristo ulipoingia, kazi ya mteko ilianza kugawanywa. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifika Buha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye Waanglikana wa shirika la CMS kutoka Australia wakafanya kazi Kasulu, ambako makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika yaliwekwa mwaka 1966 chini ya Askofu Musa Kahurananga. Na Wakatoliki, kupitia shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mababa Weupe, wakajenga misheni kama Kabanga na Makere. Kiongozi wa kwanza wa Vikarieti ya Kigoma, iliyoundwa mwaka 1946, alikuwa Mholanzi, Jan van Sambeek, ambaye aliandika kwa bidii lugha na mila za Waha, na katika hilo wasomi wa leo wana deni kwake. Makanisa hayo yaliwapa watu Mungu asiyefungwa na mlima, jambo ambalo baadaye lilikuwa faraja ya kweli kwa waliong'olewa. Lakini yaliwaachia pia pengo, kwa kuwa padri au mchungaji aliweza kubariki mbegu, ila hakuna aliyemwona kuwa ndiye anayewajibika kwa ajili ya bonde.

Uhamisho wa kwanza uliofanyika bila kumpitia mteko ulikuja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu za Buha zilizoathirika katika makazi ya pamoja, kwa hoja kwamba mbung'o hawastahimili mahali palipofyekwa na kulimwa na watu wengi, na kwamba mgonjwa aliye peke yake porini hafikiwi na tiba. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, na wapo waliopona kwa sababu yake. Lakini ardhi iliyoachwa ilirudiwa na pori, na miaka ilivyopita ikaanza kuonekana kwenye ramani kama nchi ambayo haikuwahi kuwa na wenyewe. Kabla ya kuwa kosa la utawala, hilo ni kosa la fikra: kutokuwapo kwa mtu mahali fulani leo kunachukuliwa kuwa ushahidi kwamba hakuna mtu anayewajibika kwa mahali hapo. Vijana wengi wa makazi hayo, pamoja na wa milima ambayo haikuguswa, walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakakaa huko miaka, na bado walihesabiwa kuwa wa milima yao. Hilo linaonyesha jinsi wajibu unavyovumilia umbali kuliko unavyovumilia kusahauliwa.

Mwanahistoria Julie Weiskopf, aliyezichunguza jamii za Buha zilizohamishwa, ameiweka miaka ya 1933 hadi 1975 katika historia moja, na ana haki kufanya hivyo, kwa sababu uhamisho wa pili, ule wa vijiji vya Ujamaa, ulitumia mantiki ileile ijapokuwa nia ilikuwa tofauti kabisa. Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 na katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, aliujenga Ujamaa juu ya kumbukumbu ya familia ya Kiafrika, ambamo kila mtu alifanya kazi, hakuna aliyenyimwa sehemu yake, na mgeni alikaribishwa. Msingi huo ni wa kimaadili kabla haujawa wa kiuchumi, na yeyote anayeudharau hajaelewa kwa nini watu wengi waliuamini. Mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, Nyerere mwenyewe alieleza kwamba kijiji cha Ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu, kwa kuwa watu hujiendeleza wenyewe au hawaendelei kabisa. Miaka minne baadaye, mwaka 1972, Kigoma ukawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kufanyiwa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, na tarehe 6 Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Mwaka 1975 Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikakipa kijiji umbo la kisheria: kilisajiliwa, kikawa na mkutano mkuu na halmashauri yake, na kwa jicho la serikali kikaanza kuishi siku hiyo.

Lililofanyika milimani lilikuwa rahisi kulieleza. Viwanja vilipimwa kwa mistari kando ya barabara, kaya zikaambiwa zijenge humo, na katika sehemu nyingi za nchi nyumba za zamani ziliezuliwa au kuchomwa ili pasiwe na pa kurudi. Migomba, ambayo huhitaji samadi ya nyumbani na mkono wa kila siku, ilibaki mbali na wenyewe. Ni sharti isemwe pia kwamba operesheni ilileta shule, zahanati na maji karibu na watu ambao kabla ya hapo walivifuata kwa mwendo mrefu, na kwamba wasomi wengi wanaoilaumu leo ni watoto wa shule hizo. Lakini mema hayo hayajibu swali lililoulizwa mwanzoni, kwa sababu mtu anaweza kutendewa jambo lenye manufaa na bado akawa amedhulumiwa katika namna lilivyotendwa.

Ukubwa wa dhuluma hiyo huonekana vizuri zaidi kwa kuitazama sheria nyingine ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1969 Bunge lilitunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi, inayosema kwamba serikali ikihitaji ardhi yenye makaburi kwa manufaa ya umma, itatoa taarifa, itagharamia kufukua na kuzika upya, na itafidia hata gharama za ibada za kutuliza waliokufa ambazo ndugu wanaona zinapaswa kufanywa. Sheria hiyo ni ya busara kubwa, kwa maana inakiri kwamba kumhamisha aliyekufa ni jambo linalohitaji maneno, mashahidi na muda. Miaka mitatu baadaye walio hai walihamishwa kwa magari bila neno la kuaga wala wa kuwapokea, na wafu wao, kwa kuwa ardhi waliyolala haikuhitajika kwa mradi wowote, hawakuguswa na sheria wala na operesheni, walibaki tu.

Kubaki huko ndiko kunakolifanya jambo hili kuwa la kidini. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza wakati jinsi alivyoona kwamba Waafrika wengi wanauelewa: aliyekufa hubaki katika sasa, akiwa ni mfu aliye hai, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na huingia katika zamani pale wa mwisho anayemjua anapoondoka. Wanafalsafa wengi wamebishana na Mbiti kuhusu madai yake juu ya wakati ujao, na wana sababu. Lakini katika hili la wafu aliona sawasawa jambo ambalo uhamisho wa Buha unalithibitisha. Jina halikumbukwi hewani. Hukumbukwa kwa kupita mahali, kwa kupalilia, kwa mama kumwambia mtoto kwamba chini ya mvumu huu yupo fulani, kwa ugomvi wa mpaka unaomlazimisha mzee kutaja nani alizaa nani. Njia ya kwenda bondeni inapofungwa, watu wengi hutupwa katika zamani kabla ya siku yao.

Dini za Maandiko hazina neno la haraka la kuufariji msiba huu, na hilo ni la kuzisifia. Kitabu cha Mwanzo humwonyesha Ibrahimu, aliyeitwa aiache nchi yake, akiwa mgeni asiye na hata kipande cha ardhi mpaka Sara alipofariki. Ndipo alipokaa na Wahiti mbele ya watu, akakataa kupewa bure, akanunua pango la Makpela kutoka kwa Efroni kwa shekeli 400 za fedha. Makazi ya kudumu ya mtu huyo katika nchi ya ahadi yalianza kwa kaburi, na kaburi lilipatikana kwa makubaliano ya hadhara na wenyeji. Yusufu naye, aliyefanikiwa Misri kuliko ndugu zake wote, aliwaapisha wana wa Israeli waichukue mifupa yake, na kiapo hicho kilitimizwa vizazi kadhaa baadaye alipozikwa Shekemu. Katika Uislamu, ambao mkoani Kigoma uliingia hasa kupitia Ujiji, jumuiya yenyewe huhesabu miaka yake kuanzia uhamisho, ule wa mwaka 622 kutoka Makka kwenda Madina, na moja ya matendo ya mwanzo ya Mtume huko lilikuwa kufunga udugu kati ya Muhajirina, yaani waliohama, na Ansari, yaani wenyeji waliowapokea, mtu kwa mtu. Habari hizi tatu hazifundishi kwamba mahali hapana maana. Zinaonyesha kwamba mahali papya huwa pa mtu kwa tendo la kukubaliana, kuapa au kupokewa, na kwamba tendo hilo hufanywa na wahusika wenyewe. Farao hakumhamisha Yusufu, wala Wahiti hawakuamriwa kuuza.

Kwa kipimo hicho, vijiji vilivyopangwa kwa mistari mwaka 1972 havikuwa vijiji siku ya kwanza, licha ya kwamba vilikuwa na watu, viwanja na majina. Vilikuwa mkusanyiko wa kaya ambazo kila moja ilikuwa na wajibu wake mahali pengine. Lakini vilikuja kuwa vijiji, na namna vilivyokuwa ni sehemu ya historia inayostahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko tarehe ya kusajiliwa. Ilifanyika hasa kwenye misiba. Mtu alipofariki katika mtaa ambao majirani zake hawakuwa ndugu wala wa mlima mmoja, swali la nani atachimba kaburi halikuweza kungoja, na waliojibu walikuwa waliokuwa karibu: vijana wa Kianglikana, wa Kikatoliki, wa Kipentekoste na wa Kiislamu wakipokezana jembe na sururu katika shimo moja, wanawake wakileta kuni, unga na maharage, na mmoja mwenye mwandiko mzuri akiandika kwenye daftari nani katoa nini, ili siku ya msiba wake asisahauliwe. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, walitilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani makundi ya kaya jirani yanayosali na kusaidiana, na mpango huo ulizikuta kaya za vijijini tayari zimepangwa jirani kwa jirani. Yawezekana kabisa kwamba daftari la msiba na sala ya nyumba kwa nyumba vilifanya zaidi kuwaunganisha watu hao kuliko shamba la pamoja lililokusudiwa kufanya hivyo.

Hata hivyo, katika misiba hiyohiyo ndimo uamuzi mgumu ulimojitokeza: marehemu azikwe hapa, kwenye kiwanja, au apelekwe kwenye tongo la wazee wake? Mzee aliyezaliwa bondeni mara nyingi aliomba arudishwe. Mtoto mchanga alizikwa nyuma ya nyumba mpya. Kaburi la kwanza la mtoto huyo, kwa hoja ya insha hii, ndilo lililokifanya kiwanja kuwa makazi, kwa kuwa tangu siku hiyo kulikuwa na mtu pale ambaye walio hai walikuwa na wajibu kwake. Waliorudi milimani baadaye, hasa operesheni ilipolegea, hawakukiacha kijiji kipya moja kwa moja. Wengi wakawa watu wa mahali pawili, wakilima huku na kusali kule, na hakuna rejista iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Swali hilohilo lilirudi kwa ukali zaidi na wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, watu wengi walivuka mpaka, na kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago zikawekwa Kibondo, na za Mtabila na Muyovosi zikawekwa Kasulu. Wakongo wa Kivu Kusini wakawekwa Nyarugusu tangu mwaka 1996. Kambi zilikuwa na mitaa, makanisa, misikiti, masoko, shule na makaburi. Nyarugusu ilifikia kuwa na zaidi ya watu laki moja, wingi unaozidi wa miji mingi ya wilaya. Lugha ya Warundi na ya Waha hukaribiana kiasi cha watu kuelewana bila mkalimani, na pande hizo mbili zina koo na ndoa zinazovuka mpaka. Kwa nini basi kambi haikuwa kijiji? Si kwa sababu ya mahema, kwa maana palijengwa nyumba za tofali, bali kwa sababu wakazi wake walizuiwa kuwajibika kwa ardhi waliyokaa: hawakuruhusiwa kuipanda mazao ya kudumu wala kuirithisha. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, wakazi wake wakarejeshwa Burundi, makaburi ya karibu miaka ishirini yalibaki upande wa Kasulu. Si rahisi kusema ni nani anayewajibika kwa makaburi hayo, lakini ni vibaya sana kusema hakuna, kwa kuwa hilo ndilo kosa la ramani lililofuata uhamisho wa 1933 likirudiwa.

Sheria za nchi zimelijibu swali hili upande mmoja tu. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi iliyogawiwa wakati wa operesheni ya vijiji na kuzizuia mahakama kusikiliza madai yake. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay lililotoka Arusha, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikabatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikathibitisha kuwa halali ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, na kuzima haki za waliokuwa na ardhi hiyo kabla. Uamuzi huo una sababu nzito, kwa maana bila huo kila shamba la Kasulu lingekuwa na wenyewe wawili na amani isingepatikana. Ila kilichozimwa ni dai la kumiliki. Wajibu wa kumtunza aliyelala katika shamba ambalo sasa ni la mwingine haukuzimwa, kwa kuwa haukutolewa na serikali tangu mwanzo, na anayeubeba hadai shamba. Anadai njia ya kulipitia na ruhusa ya kupalilia.

Kwa hiyo jambo lililobaki liko mikononi mwa halmashauri za vijiji zenyewe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 huzipa uwezo wa kupanga ardhi ya kijiji, kutenga maeneo na kuweka mipaka yake kwenye ramani inayopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Katika ramani hizo huchorwa malisho, vyanzo vya maji, msitu wa hifadhi, shule na makaburi ya sasa. Mara chache huchorwa matongo. Kijiji cha Kasulu au Kibondo kinachokaa siku moja kuwasikiliza wazee wa koo zote, kikaandika makaburi ya zamani yako wapi, ni ya nani, na njia gani zitabaki wazi kuyafikia hata zikipita ndani ya shamba la mtu mwingine, kinafanya kwa mkono wa mtendaji wa kijiji kazi ambayo mteko aliifanya, na mwenye shamba anayetia saini pale, mbele ya watu aliowakuta hapo au waliomkuta, anawapokea wafu wasio wake kuwa sehemu ya mahali anapoishi.